Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro kuhusu moto, mifongo na hofu ya kukusanyika

Kibosho, Moshi
Februari 2026

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia nikiwa mkulima wa kahawa na migomba huku Kibosho. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linazungumzwa na watu wengi wa mteremko huu, kwenye vilabu vya mbege na kwenye misiba, lakini linazungumzwa kwa sauti ya chini na halifiki ofisini kwako. Masika yamekaribia, na mifongo mingi, yaani mifereji yetu ya asili ya kumwagilia mashamba, haijasafishwa. Sababu ya safari hii si uvivu wa vijana, ingawa sisi wazee tumezoea kuwasingizia.

Wewe unafahamu kwamba mfongo haujisafishi. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa wanufaika wote huitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Vijana huingia mtoni hadi magotini kuondoa mawe na magogo yaliyoziba banio, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, akina mama hufuata mfereji wakifyeka magugu na kuzibua matope kwa majembe, na wazee hukaa ukingoni wakielekeza kazi ambayo wangependa kuifanya wenyewe. Mwishoni banio hufunguliwa, rundo la majani makavu na povu hutangulia mbele ya maji, na watoto hulikimbiza wakilisukuma kwa fito mpaka kwenye nduwa, bwawa letu dogo la kuhifadhia maji. Asiyefika hutozwa faini au hunyimwa zamu ya maji, na utaratibu huo ni wa zamani kuliko halmashauri zetu zote.

Mwaka huu kiongozi wa mfongo wetu aliahirisha msaragambo, kisha akaahirisha tena. Alipobanwa aseme sababu, alijibu bila kuzunguka: akija mtu kumuuliza amekusanya watu wa nini, atamjibu nini? Huyu ni mzee wa kanisa ambaye sijawahi kumwona kwenye mkutano wa chama chochote. Tangu uchaguzi wa Oktoba 29 mwaka jana na yaliyoufuata, watu walipopoteza maisha, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, hofu imeingia hata mahali ambapo hapakurushwa jiwe. Mtu mwenye jembe begani akiongozana na wenzake arobaini anajiuliza anaonekanaje akiwa barabarani.

Natambua kwamba wapo watakaoona ni utovu wa adabu kuzungumzia mifereji na miti wakati kuna familia ambazo bado zinalia. Ningekuwa nakuandikia ili tusahau yale, wangekuwa na haki. Haki za waliofariki na waliojeruhiwa zina mahali pake pa kudaiwa, ikiwamo mbele ya tume iliyoundwa kuchunguza matukio hayo, na ningesikitika sana kama kampeni ya kupanda miti ingetumiwa kama turubai la kufunikia swali lolote. Ninachosema ni kwamba hofu ileile inayowafunga watu midomo inawafunga na mikono, na mlima huu, kwa jinsi ulivyo, unalindwa na mikono ya watu wengi kwa pamoja au haulindwi kabisa.

Chukua suala la moto. Uchaguzi mkuu wa nchi yetu umefanyika Oktoba 31 mwaka 2010, Oktoba 25 mwaka 2015, Oktoba 28 mwaka 2020 na Oktoba 29 mwaka 2025. Oktoba ndio mwezi ambao mlima umekauka kupita kiasi, kiangazi kirefu kikiwa kinaishia na vuli ikiwa bado inasubiriwa. Mwaka 2020 vitu hivyo viwili vilikutana machoni petu: Oktoba 11 moto ulizuka eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, wiki mbili na ushei kabla ya kura, na ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90 za uoto. Walioupanda mlima kuuzima walikuwa askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, waongoza watalii na wanavijiji, mamia kwa mamia, wakipambana nao kwa mapanga, majembe na matawi. Oktoba 2022 moto ukazuka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga.

Sasa fikiria, Mheshimiwa, moto kama ule wa 2020 ungewaka Oktoba 30 mwaka jana. Taarifa ingesambazwaje wakati makundi yetu ya simu hayafunguki? Nani angethubutu kupiga mbiu na kuwajaza vijana mia kwenye malori kuelekea Marangu? Askari wangetoka wapi, na magari yangetoka wapi? Kiangazi kile tulisalimika, na ninamshukuru Mungu, lakini sioni kama tulikuwa na mpango mwingine zaidi ya huo wa kumshukuru Mungu.

Watu wa mjini huhuzunikia barafu ya kilele cha Kibo, na wana sababu: vipimo vya mwaka 1912 viliikuta ikifunika zaidi ya kilomita za mraba 11, na kufikia mwaka 2011 hazikubaki hata mbili. UNESCO ilieleza mwaka 2022 kwamba barafu za Afrika zilizomo katika maeneo ya urithi wa dunia huenda zikatoweka ifikapo 2050. Hata hivyo, barafu inachangia kidogo sana maji tunayokunywa. Maji yetu yanatoka msituni. Juu ya msitu mkubwa kuna ukanda wa miti ya Erica, yenye majani membamba na matawi yaliyofunikwa ndevu za kuvumwani, viumbe vidogo vinavyoota juu ya miti, ambayo hukamata mawingu yanapopita na kuyageuza matone yanayozama ardhini. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba moto wa mara kwa mara umeisukuma mipaka ya miti hiyo chini na kuibadilisha kuwa vichaka vifupi visivyoweza kukamata mawingu kama zamani. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa Kilimanjaro imepoteza takriban hekta 13,000 za misitu tangu 1976, sehemu kubwa kwa moto. Kwa hiyo kila Oktoba tunapougua homa ya uchaguzi, kinachowekwa rehani ni chemchemi zinazoinywesha Moshi, mashamba ya mpunga na miwa ya tambarare, na Bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani iliyoko chini yake.

Moto angalau unaonekana. Kuna uharibifu mwingine ambao hupenda giza, na nyakati za misukosuko ni giza tosha. Katika siku zile za mwisho wa Oktoba, watu walipojifungia ndani, msumeno wa mnyororo ulisikika bondeni kwetu usiku, na palipokucha miringaringa mitatu mikubwa iliyokuwa imeshikilia ukingo wa mto ilikuwa imebaki visiki, na mbao hazipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka mtoni shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo. Kila mtu kijijini anaijua sheria hiyo, na kila mtu alikaa kimya, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuingia kituoni wiki ile kutoa taarifa ya jambo lolote.

Majirani zetu walishalipia somo hili kwa bei kubwa. Mwaka 2001, ikiwa imebaki miezi michache kuingia mwaka wa uchaguzi, serikali ya Kenya ya wakati ule iliondoa makumi ya maelfu ya hekta za msitu wa Mau kutoka kwenye hifadhi, ardhi ikagawiwa, na miaka minane baadaye serikali nyingine ikaanza kuwaondoa watu humo kwa machozi. Mto Mara, unaowanywesha nyumbu wa Serengeti yetu, unaanzia huko. Siwatuhumu viongozi wa mkoa huu kwa jambo la aina hiyo. Nasema tu kwamba wakati macho ya nchi yako kwenye siasa, anayetaka kipande cha msitu huwa anajua hilo.

Ombi langu la kwanza, ambalo ndilo kubwa, linakuhusu wewe kama mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa. Utoe waraka, kwa Kiswahili chepesi, usomwe kwenye mikutano ya vijiji na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, ukieleza kwamba msaragambo wa mfongo, kazi ya kuzima moto, doria za kamati za mazingira za vijiji na upandaji wa miti kwenye vyanzo vya maji si mikusanyiko ya kutiliwa shaka, na kwamba mtendaji wa kijiji akishajulishwa inatosha. Nakala ifike kwa wakuu wa vituo vyote vya polisi, maana waraka unaojulikana kwa raia na usiojulikana kwa askari ni hatari kuliko kukosa waraka.

La pili linahusu Oktoba, na hasa Oktoba 2030. Mkoa ukae na hifadhi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Chuo cha Mweka na vyama vya wapagazi, uandae mpango wa moto ambao hautegemei watu na magari yaleyale yanayopangiwa kazi ya uchaguzi, wala hautegemei intaneti. Redio za mawasiliano za vijiji vilivyopakana na msitu hazitahitaji fedha nyingi. Na hapa niseme jambo ambalo huenda lisipendeze: wanavijiji hukimbilia moto kwa moyo zaidi pale wanapouona msitu ni wao. Ukanda wa Nusu Maili, ulio pembezoni mwa msitu, ulitengwa mwaka 1941 ili wenyeji wapate kuni, majani na miti ya kujengea. Tangu msitu wa akiba ulipoingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, mama aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe kihalali amejikuta mvamizi. Mazungumzo juu ya ukanda huo yamelala muda mrefu mno, na ofisi yako inaweza kuyaamsha.

Vibali vya kukata miti, vya kuchimba mchanga mitoni na vya kutumia maji vibandikwe hadharani kila mwezi, hasa katika miezi ya uchaguzi. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Huenda ofisi yako ikaona kwamba hali bado ni tete na kwamba ni busara kusubiri. Ninaiheshimu hoja hiyo, lakini nadhani inageuza mambo kichwa chini. Maridhiano yanayohubiriwa majukwaani hayana mahali pazuri pa kuanzia kama banio la mfongo, ambapo mtu wa chama hiki na mtu wa chama kile, na wale wengi waliochoshwa na vyama vyote, wanalazimika kuinua gogo moja kwa sababu wote wana migomba inayokauka. Kwetu anayetaka kusuluhishwa hupeleka sale kwa jirani yake, na sale ni mmea uleule tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu. Jambo hilo haliwezi kufanyika kila mtu akiwa amejifungia kwake.

Mvua za masika kwa kawaida huanza kushika kasi mwezi Machi. Banio lililoziba wakati huo hupasua ukingo, maji yakaacha mfereji na kushuka kwenye mashamba na nyumba zilizo chini, na tulivyoyaona mafuriko ya Aprili 2024 hapa Moshi, sidhani kama kuna anayehitaji kukumbushwa. Ninaomba waraka huo utoke kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili msaragambo wetu ufanyike jumamosi ya kwanza ya Machi, nawe ukipata nafasi ukaribishwe, ikiwezekana bila msafara na ukiwa na mabuti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa Kibosho