Kwa Ngalula, kabla hujachagua maabara

Katuba, Lubumbashi, mwezi wa tano

Mwanangu Ngalula,

Nimeupata ujumbe wako wa Jumapili, na ule mwongozo wa programu yenu ya udaktari wa sayansi ya ubongo huko Marekani nimeusoma wote, kamusi ikiwa mkononi, pamoja na kurasa za kanuni ambazo nadhani wewe mwenyewe ulizipita mbio. Unasema kwamba umemaliza mizunguko yako mitatu ya kujaribu maabara, kila mmoja wiki zipatazo kumi, na kwamba utabaki kwa profesa wa mzunguko wa tatu kwa sababu jina lake linajulikana dunia nzima. Kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa hukumwuliza chochote. Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Tazama mambo yalivyopangwa. Mwaka huu wa kwanza ni programu inayokulipa posho; kuanzia mwaka wa pili, ndivyo mwongozo wenu unavyosema, posho itatoka katika fedha za utafiti za huyo utakayemchagua. Fedha za namna hiyo ambazo watafiti wa ubongo huko Marekani huzitegemea zaidi, zile za NIH, taasisi za taifa za afya za huko, zinazoitwa R01, hutolewa kwa muda usiozidi miaka 5, na zikiisha profesa hurudi kuomba na kushindana upya na wenzake. Wewe utahitaji miaka 5 au 6 ili umalize. Wenzako waliozaliwa huko wanaweza kujiombea ufadhili wao wenyewe, ule wa F31, lakini huo ni wa raia na wakaaji wa kudumu tu; aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hana mlango huo. Basi mama, mwulize: fedha zake zimebakiza miaka mingapi, na zikikatika, wanafunzi wake hulipwa na nani? Kwa maprofesa wa huko swali hilo si utovu wa adabu, na asiyeliuliza ndiye anayewashangaza.

Waulize na wanafunzi wake, hasa waliokwisha kuondoka, maana walio ndani bado wanamhitaji kwa barua za mapendekezo. Walimaliza kwa muda gani? Ni nani aliyetoka na shahada ya uzamili tu, na kwa nini? Rasimu ya makala hukaa mezani kwake wiki ngapi kabla hajaisoma? Mtu mwenye maabara kubwa, anayealikwa kila bara kutoa mihadhara, anaweza kuwa mwanasayansi hodari kweli na bado mwezi ukaisha hajakaa nawe hata saa moja. Mimi niliishia DEA, ile shahada inayotangulia udaktari, na sababu yake unaijua, kwa hiyo usiniambie kwamba ukubwa wa jina la msimamizi unatosha.

Mama yako anasema ni mimi niliyewafundisha ninyi watoto kunyamaza mbele ya wakubwa. Sitaki kubishana naye katika barua.

Mtihani wa mwisho wa mwaka wa pili haunitii hofu sana. Utaandika pendekezo la utafiti kama mtu anayeomba fedha, malengo yakiwa yamebanwa katika ukurasa mmoja, kisha utalitetea mbele ya maprofesa wanne, na msimamizi wako hatakuwamo. Anayeshindwa hupewa nafasi ya pili. Akishindwa tena hukabidhiwa uzamili na kuagwa. Kichwa chako nakijua. Nimewaambia walimu wenzangu kwamba binti yangu anapima mkondo wa umeme unaopita katika tundu moja la utando wa seli, kazi iliyowapatia wanasayansi Neher na Sakmann tuzo ya Nobel mwaka 1991, na mwalimu wa kemia hajanisamehe mpaka leo. Ninachokiogopa ni kwamba wakikuuliza usilolijua utainamisha kichwa na kukaa kimya, nao watadhani hujui hata yale unayoyajua. Sema tu kwamba hulijui, kisha ueleze ungelitafuta kwa njia gani. Hali kadhalika kwenye kikao cha kamati yako ya tasnifu, ambacho mwongozo unataka kifanyike angalau mara moja kwa mwaka: ukiwa na shida na msimamizi, hao ndio wa kuambiwa, tena mapema.

Kuna jambo jingine. Ulipoomba nafasi uliandika kuhusu konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya watoto na akina mama kwa ghafla, wasipone tena, kwa sababu ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ambao daktari Trolli aliueleza huko Kwango, hapa nchini kwetu Kongo, mwaka 1938. Sasa unachunguza jinsi panya wanavyokumbuka mambo. Sikulaumu sana, kwa kuwa programu inaruhusu kubadili. Ila mwulize huyo profesa kama atakubali siku moja uguse sumu za muhogo, na jibu lake uliandike.

Hapa nyumbani tuko salama. Presha ya mama yako imeshuka, ingawa dawa anazimeza anapokumbuka. Mahindi mapya yameingia sokoni na unga umepungua bei kidogo. Fedha ulizotuma tumenunua bati la jikoni. Usitume nyingine kabla hujajua atakayekulipa mwaka ujao, na hilo utalijua ukiuliza. Mdogo wako anajiandaa kwa mtihani wa dola wa kumaliza sekondari na umeme unakatika kila jioni, kwa hiyo anasoma alfajiri. Anaomba neno la siri la kompyuta uliyoiacha hapa. Mwandikie yeye mwenyewe, maana mimi nitalipoteza. Nami uniandikie majibu ya profesa kabla ya kutia sahihi.

Baba yako