Usinirushie faili, nirushie kiungo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie jambo wapenzi wa hip-hop wanaosambaza nyimbo mpya za wasanii wasio na lebo. Nia yao ni njema, lakini namna wengi wanavyosambaza, kurushiana faili badala ya kiungo (linki) cha wimbo, inamkosesha msanii jina na fedha kwa mpigo.

Wimbo mpya ukitoka, kwenye magrupu ya WhatsApp utasoma "nirushie", na faili la MP3 linaanza kupita simu hadi simu. Likitumwa kama sauti badala ya hati, simu inayopokea mara nyingi hulihifadhi kwa jina linaloanza na AUD, likifuatiwa na tarehe na namba. Hapo jina la msanii limeshapotea. Likitoka kwenye tovuti za kupakua bure, jina la tovuti hubandikwa kwenye kichwa cha wimbo, wakati mwingine hata tangazo lake huchomekwa mwanzoni mwa sauti. Wimbo unaweza kupigwa kila saluni na kila bajaji ya mji mzima, lakini msanii akifungua hesabu zake anakuta kama haujasikilizwa na mtu.

Hesabu hizo ndizo mshahara wake. Tangu 2024, Spotify, programu ya kusikiliza muziki mtandaoni, hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 iliyopita, na mara moja huhesabiwa mtu akishapita sekunde 30. Mwenye nyimbo 10, kila mmoja ukiwa umesikilizwa mara 900, hapati mirabaha yoyote ya rekodi kwa mara 9,000 zote hizo. Kwa sababu hiyo naona msanii mchanga anajiumiza anapomwaga albamu ya nyimbo 15 siku moja. Atoe mmoja, na mashabiki wausukume huo huo mpaka uvuke mstari.

Hoja kwamba kusikiliza mtandaoni kunamaliza bando naijua, na ni ya haki. Lakini tupige hesabu. Wimbo wa dakika tatu na nusu katika MP3 ya kbps 320 (kbps ni kipimo cha ubora wa sauti) una zaidi kidogo ya MB 8. Ukisikilizwa mtandaoni kwa kbps 96 unakula kama MB 2.5. Kinachomaliza bando ni video. Basi tuma kiungo cha sauti, cha video kifuate kwa anayetaka. Mpokeaji akipata WiFi auhifadhi wimbo ndani ya programu yenyewe, iwe Boomplay au Audiomack, asikilize baadaye bila bando. Kwenye stetasi weka kipande cha sekunde 20 hadi 30 chenye mistari mikali, siyo utangulizi wa biti, na kiungo kiwe chini yake pamoja na jina la msanii kama linavyoandikwa kwenye programu. Majina yanayofanana ni mengi. Herufi moja ikikosewa, msikilizaji anaishia kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Msiache simu ikirudia wimbo usiku kucha huku sauti imezimwa, wala msinunue wasikilizaji. Mifumo inautambua mtindo huo. Spotify huwatoza faini wasambazaji, yaani kampuni zinazopeleka nyimbo za wasanii kwenye programu, kwa nyimbo zilizojaa usikilizaji bandia, nao wasambazaji huitupia gharama hiyo kwa msanii au huondoa wimbo kabisa.

Wasanii nao wana sehemu yao, na penye maumivu makubwa ni kwenye biti. Biti ya kukodi mtandaoni hukodishwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Msanii akirekodi juu yake, kisha akamwambia msambazaji auingize wimbo kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti yenye mwenyewe, mfumo huo unaanza kuzikamata nyimbo za wengine waliokodi biti ile ile, na za kwake zinakamatwa na wenzake. Mapato hushikiliwa wakati watu wanabishana. Kama huna biti ya peke yako yenye maandishi, usiweke alama kwenye kisanduku cha Content ID unapompa msambazaji wimbo. Na kama biti ni ya prodyuza wa mtaani kwako, andikeni mgawanyo kabla ya kutoka studio: nani ana asilimia ngapi ya utunzi, nani ana ngapi ya rekodi, maana hizo ni haki mbili tofauti. Karatasi moja yenye majina kamili, tarehe na sahihi inatosha. Ugomvi mwingi huzuka wimbo ukishaanza kuingiza fedha, wakati kila mtu anakumbuka maelewano yake.

Mpe msambazaji wimbo wiki tatu au nne kabla ya siku ya kutoka, ukiwa katika WAV (faili la sauti isiyobanwa), na kava ya mraba ya pikseli 3,000 kwa 3,000. Tunza ISRC ya kila wimbo, yaani namba ya utambulisho wa rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Ukihamia msambazaji mwingine tumia ile ile, la sivyo hesabu zinaweza kuanza upya. Uliza pia kama nyimbo zitaondolewa ukiacha kulipa ada ya mwaka. Sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, au KECOBO kwa walio Kenya. Kwa madijei na redio, andaa toleo lisilo na matusi, pamoja na biti tupu isiyo na maneno.

Shabiki mwenye chochote mfukoni asingoje mirabaha imfikie msanii. Fulana moja au tiketi moja iliyolipwa moja kwa moja kwa lipa namba humfikia leo. Walio Muscat, London au Toronto wanaweza kununua kupitia Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki na bidhaa zao, inayokata asilimia 15 kwa muziki na 10 kwa bidhaa. Ila msanii ahakikishe kwanza kwamba akaunti yake ya malipo inaruhusu kupokea fedha nchini alipo, siyo kutuma tu.

Na kwako, Mhariri: ukurasa wako wa burudani ukitaja wimbo mpya wa hip-hop, naomba uandike pia jina la prodyuza na programu ambako wimbo unapatikana kihalali. Mstari mmoja unatosha.

Mpenzi wa hip-hop,
Arusha