Kokoto za njia ya gari zinapokimbilia mtaroni

Nyumba nyingi za Kigoma mjini zimekaa mteremkoni. Ukimwaga kokoto kutoka getini hadi pa kuegesha gari, mvua za Novemba na Desemba zikishapiga, sehemu kubwa utaikuta mtaroni. Zilizobaki, matairi yamezitenga: mistari miwili ya udongo mtupu na tuta katikati. Kuongeza tripu nyingine ni kulisha mtaro.

Dawa yake ni gridi ya plastiki: vibao vyenye vyumba kama sega la nyuki, kina sentimita 4 au 5, vinavyoshikana kingo kwa kingo. Kokoto ikiingia chumbani haina pa kukimbilia, na maji yanapenya chini. Ila gridi haibebi gari. Msingi ndio unaobeba. Kazi nyingi zinazoharibika zimeanzia hapo: gridi imetandikwa juu ya udongo mwekundu uliosawazishwa kwa jembe. Udongo ukilowa unalainika, gridi inadidimia matairi yanapopita, na viungo vinaachia.

Kwa gari dogo na gridi ya sentimita 4, chimba sentimita 22. Tandika jiotekstaili, yaani kitambaa kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo usichanganyike na kokoto; vipande vilaliane sentimita 30. Karatasi ya nailoni haifai, maana inatuamisha maji. Weka kokoto za robo tatu ya inchi zisizo na vumbi jingi, zikishashindiliwa zibaki sentimita 15. Shindilia kwa tabaka mbili, kwani ukimwaga zote kwa mpigo mashine inakaza za juu tu. Sawazisha kwa sentimita 2 za kokoto za robo inchi, laza gridi, kisha jaza kokoto za nusu inchi hadi zizidi kingo kwa sentimita 1.

Eneo la mita 5 kwa 6 linahitaji mita za ujazo 5.5 hadi 6 za msingi (zinapungua zikishindiliwa), 0.6 za kusawazisha na 1.5 za kujaza. Za kujaza ziwe zenye kona. Mawe mviringo ya ufukweni yanapendeza macho, lakini yanateleza chini ya tairi.

Plastiki hutanuka juani. Acha nafasi ya sentimita 3 kwenye ukuta au ukingo wa zege, na ujaze siku hiyohiyo. Gridi tupu ikishinda juani inavimba katikati.

Mteremko ukizidi sentimita 10 kwa kila mita, hatushauri gridi, mwaga zege. Hata kwenye mteremko mdogo, chimba kwanza mfereji upande wa juu wa kukinga maji ya jirani, la sivyo msingi wako utakuwa mkondo.

Baadaye kagua mahali gari linapokatia kona. Ukiona kingo za plastiki zimechungulia, ongeza toroli moja au mbili za kokoto mapema, kabla tairi na jua havijazivunja.