Usiache figo za Mama mwisho

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaona haufai kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Valvu ya Mama, ule mlango wa moyo, imekakamaa na wanataka kuibadilisha, nimeelewa. Kilichonitoa usingizi ni ile ya mwisho uliyoidondosha kama salamu: "na figo nazo kidogo haziko sawa." Hiyo ungeanza nayo!

Sisi kwa Baba tulichelewa. Miaka mingi magoti yalimsumbua, akawa anatafuna diklofenaki, zile dawa za maumivu zinazoumiza figo, za duka la mtaani kama karanga, wala hakuna aliyemwambia kitu. Alipofika kwenye eko, kile kipimo cha kuutazama moyo, kriatinini ilikuwa imeshapanda, yaani ule uchafu wa damu ambao figo zikichoka hujaa. Daktari wa upasuaji akatuambia waziwazi: moyo naumudu, figo zake ndizo zinanitia hofu.

Alitueleza hivi. Moyo unaposimamishwa, mashine ndiyo inayozungusha damu, na figo hupata damu pungufu kuliko zilivyozoea. Chembe nyekundu nyingine hupasuka humo mashineni, na uchafu wake ni figo zitakazouchuja. Figo nzima hustahimili. Iliyochoka inaweza kugoma, mgonjwa akaingia kwenye kusafisha damu, kwa siku kadhaa au maisha. Tena wagonjwa wa figo damu yao hukawia kukata, vidonda huchelewa kupona, na kadiri figo zilivyo dhaifu ndivyo hatari ya kufa inavyoongezeka. Baba uchujaji wake, yaani kile kipimo cha figo zinavyochuja damu kwa dakika, ulikuwa 38. Ukiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo tayari ni ugonjwa sugu. Chini ya 15 ndiyo figo zimeshindwa. Siku ya tatu baada ya upasuaji mkojo ulipungua mpaka tukawa tunauhesabu kwa vikombe. Jirani yake wa kitanda, mwenye figo nzuri, aliondoka siku ya nane. Sisi tulikaa 19.

Nasema hivi si ili mkatae. Mlango wa aota, yaani valvu inayotoa damu moyoni kwenda mwilini, ukiziba sana na mgonjwa akaanza kuzimia au kukosa pumzi, asipotibiwa, karibu nusu yao hawamalizi miaka miwili. Na wapo ambao figo zao hupata nafuu baadaye, kwa kuwa moyo unasukuma damu vizuri. Za Baba zilibaki palepale, tukashukuru.

Kaka yako kauliza kuhusu kupitishia valvu kwenye mshipa wa paja, kifua kisipasuliwe. Ni kweli ipo. Alain Cribier aliifanya mara ya kwanza kule Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Kwa mgonjwa wa figo ina nafuu yake, ila ile dawa ya rangi wanayochoma ili mishipa ionekane nayo hutolewa na figo. Aulize watatumia kiasi gani, na katika vipimo vya kabla pia. Tena asikubali vipimo viwili vya rangi kufuatana bila figo kupimwa katikati.

Halafu kuna kuchagua valvu. Ya chuma hudumu, lakini ni wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na mwenye figo mbovu huvuja damu upesi. Ya mnyama huchakaa, kwa kawaida miaka 10 hadi 15, na figo zikivuruga chokaa ya mwili huweza kukakamaa mapema zaidi. Baba ana miaka 71, wakampa ya mnyama. Aliposikia nyingine hutokana na nguruwe alikaa kimya hadi magharibi, ndipo daktari akamwambia ipo ya ng'ombe. Mama naye mwambieni mapema, asije akaipata habari wodini.

Nitumie majibu ya kriatinini yake, ya sasa na ya mwaka jana kama yapo. Lasiksi, ile dawa ya kukojoza maji, asipunguze wala asiongeze mwenyewe, na kidonge cha magoti chochote kitupwe leo. Kliniki ya figo iwe kabla ya tarehe ya upasuaji. Nitawasindikiza Muhimbili mwenyewe.

Mkipanda basi la asubuhi nitawapokea pale Magufuli, Mbezi. Ila madafu yenu ya Tanga muyaache hukohuko safari hii. Yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa; ya Baba ilipanda mwezi uliopita na kapigwa marufuku, na akiyaona atasema ni ya wageni kisha anywe yeye.

Wako,
Mwanaidi