Kuhusu vile vidonge vya mama

Dodoma

Mpendwa Neema,

Pole sana, ndugu yangu. Mpe mama shikamoo yangu.

Unasema kaka anataka kumnunulia mama tamoksifeni duka la dawa, anywe sambamba na dripu za dakarbazini, ile dawa ya kemo anayopewa kwa melanoma yake (saratani ya ngozi), kwa kuwa jirani yenu alipata nafuu ya saratani ya titi kwa vidonge hivyo. Nakuomba, msimpe kabla daktari wake hajajua.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwaka 1992 madaktari wa Italia walichapisha utafiti wa wagonjwa 117 wa melanoma iliyosambaa. Kwa waliopewa dawa zote mbili, uvimbe ulipungua kwa asilimia 28 yao. Kwa waliopata dakarbazini peke yake, asilimia 12. Wanawake ndio walionufaika zaidi, kwa hiyo namwelewa kaka kabisa. Ila tafiti kubwa zaidi zilikuja kuvunja matumaini hayo. Ule wa Marekani wa mwaka 1999 ulikuwa na wagonjwa 240: wengine walipewa dawa tatu za kemo na tamoksifeni juu yake, wengine dakarbazini tu. Waliopewa mchanganyiko hawakuishi zaidi ya wenzao, na dawa ziliwatesa zaidi.

Kinachonitia hofu hasa ni mguu wa mama. Umeniambia umevimba tangu ile mitoki ya kinenani itokee. Tamoksifeni huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge likikatika likapanda mapafuni linaua. Uvimbe huo uangaliwe wiki hii hii, hata kama hanywi kidonge chochote.

Hela ya ng'ombe iwekeni kwa ajili ya safari. Mleteni hapa hospitali ya Benjamin Mkapa, na wakiwaandikia rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, siku hizi treni ya SGR itamfikisha Dar bila kumchosha kama basi. Ulizeni kuhusu dawa za kuamsha kinga ya mwili. Tangu 2011 hizo ndizo zilizobadilisha tiba ya melanoma. Ni ghali mno, sikufichi, lakini ulizeni. Na maumivu ya usiku asiyavumilie kimya kimya, mofini ya kunywa ipo kwa ajili hiyo.

Njooni na majibu ya kile kinyama alichokatwa kupimwa, na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Chumba nimeshawaandalia. Nitawapokea stendi ya Nanenane, nipigie tu mkitoka Mpwapwa.

Wako,
Rehema