Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Majini: Nyangumi wa kusi wanahitaji sauti yako

Mheshimiwa Waziri,

Agosti, kusi, ule upepo wa kusini, likipunguza ukali, manahodha wa Watamu hutupa macho nje ya mwamba. Huanza kuonekana mvuke ukiruka juu ya maji, kisha mgongo mweusi wenye nundu, na ubavuni pake mtoto. Wazee wetu wakiona hivyo waligeuza mashua. Nahodha wa leo hupunguza mashine, wageni wakatazama, kisha akalipasha habari shirika la uhifadhi wa bahari, Watamu Marine Association.

Nyangumi hawa wa nundu hutoka bahari ya Antaktiki kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Karne iliyopita wenzao zaidi ya 200,000 waliuawa kusini mwa dunia. Mwaka 1982, katika Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, Kenya ilipiga kura ya kusitisha uwindaji wa biashara, na azimio likapita kwa kura 25 dhidi ya 7. Naionea fahari kura ile, na ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Japani ilijitoa kwenye Tume mwaka 2019 na inaendelea kuwinda, ingawa Wajapani wenyewe wameshaachana na nyama ya nyangumi: mwaka 1962 walikula zaidi ya tani 200,000, siku hizi ni kama 2,000 tu kwa mwaka. Na madhara ya uwindaji hayafutiki upesi. Mwaka 1966 meli za Kisovieti ziliua kwa siri nyangumi wa nundu zaidi ya 200 katika Bahari ya Arabuni. Mpaka leo waliobaki huko, wengi wao wakionekana Oman, wanakadiriwa kuwa chini ya 100.

Kwa hiyo tunaomba Kenya iende kwenye kila kikao cha Tume na izungumze waziwazi, kama mwaka 1982.

Hapa nyumbani hatari ni jarife, wavu mkubwa wa kutega samaki. Nyangumi hupumua hewa kama sisi. Mtoto akinaswa asipate kupanda juu, hafiki mbali. Mvuvi naye hubaki na wavu uliochanika na deni la kuununua. Usitoe marufuku kutoka Nairobi. Kaa na BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, za Kilifi, Kwale na Lamu, mkubaliane ni wapi majarife yasitegwe kati ya Julai na Septemba, na mvuvi anayekata wavu wake kumwokoa nyangumi alipwe kutoka mfuko gani. Hilo la malipo liamuliwe kwanza, kabla kusi lijalo halijaingia.

Wako,
Mkazi wa pwani, Kilifi