Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Malalamishi, Rufaa na Mihuri

Wanachama wenzangu,

Nyote mnaijua kazi ya chama chetu cha wasaidizi wa sheria hapa Kisumu: kumsikiliza mtu, kusoma karatasi zake, kisha kumwonyesha mlango unaomfaa. Mwaka huu nilimwonyesha mtu mmoja mlango usiofaa, na taarifa hii naianzia hapo.

Mwezi wa Machi alikuja kwetu mama mjane ambaye sisi wa Nyalenda tunamwita Dani. Alikuwa ameiomba mahakama ya hakimu imzuie jirani kujenga kwenye kipande cha shamba lake. Ombi likakataliwa. Alituambia huku akilia kwamba hakimu amependelea upande ule mwingine. Tuliingiwa na uchungu, tukaandika barua kali kwa Tume ya Huduma za Mahakama, nami nikaitia sahihi. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: mnacholalamikia ni uamuzi, si mwenendo wa hakimu; anayepinga uamuzi hukata rufaa. Rufaa ya kesi ya shamba kutoka kwa hakimu huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na muda wake ni siku 30. Siku hizo zilikwisha sisi tukingoja barua. Jirani naye hakungoja. Nilipopita pale mara ya mwisho, nyumba ilikuwa imefika kwenye linta.

Naomba kila mwanachama alishike jambo hili. Kifungu cha 160 cha Katiba kinamlinda jaji au hakimu asishtakiwe kwa jambo alilolitenda kwa nia njema akifanya kazi yake ya kuamua. Ulinzi huo unatufaa hata sisi wanyonge, maana hakimu anayeogopa kufutwa kwa kila hukumu ataamua kwa kumpendeza mwenye nguvu. Akikosea sheria, mahakama ya juu itamrekebisha. Malalamishi ni ya mambo mengine: kuomba hongo, kumtusi mtu kortini, kusikiliza kesi ya jamaa yake, kuiacha kesi ilale.

Hakimu na karani wako chini ya nidhamu ya Tume yenyewe kwa Kifungu cha 172. Jaji ana ulinzi mzito zaidi. Chini ya Kifungu cha 168, haondolewi ila kwa ugonjwa wa mwili au akili unaomzuia kufanya kazi, kuvunja kanuni za maadili, kufilisika, kutoimudu kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. Lalama huandikwa na kueleza mambo yenyewe yalivyotokea. Tume ikiridhika humpelekea Rais, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza. Mnakumbuka ya Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza. Lililomfikisha mbele ya jopo halikuwa hukumu yoyote aliyoiandika, bali mzozo wake na mlinzi wa kike katika jengo la maduka Nairobi, siku ya mwisho ya mwaka 2011. Jopo lilipendekeza aondolewe, naye akajiuzulu mwaka 2012. Kwangu mimi huo ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa tofauti kati ya mwenendo na uamuzi.

Tulipolalamikia mwenendo, si uamuzi, tulisikilizwa. Mwanachama wetu wa Ahero alikuwa akienda kortini tangu mwaka juzi kusomewa hukumu, na kila mara anaambiwa haiko tayari. Kanuni za kesi za madai zinataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 baada ya kesi kumalizika kusikilizwa. Safari hii hatukuandika neno hata moja la kumshutumu mtu. Tuliandika namba ya faili, tarehe kesi ilipofungwa, na kila tarehe aliyorudishwa nyumbani, tukapeleka kwenye ofisi ya malalamishi ya Mahakama. Hukumu ilisomwa. Alishindwa, lakini sasa ana kitu cha kukatia rufaa.

Narudi kwa Dani, kwa sababu faili lake lilitufunza jambo la pili. Baada ya lile jibu, tuliketi na karatasi zake zote mezani, moja baada ya nyingine, jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku ya kwanza. Hati yake ya kiapo ilikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, na chini yake mhuri wa kamishna wa viapo, yaani wakili mwenye ruhusa ya kuapisha watu: imeapwa hapa Kisumu, tarehe fulani. Tukamwuliza alikuwa wapi siku hiyo. Akatoa kadi ya hospitali. Alikuwa wodini Siaya. Dole alilitia kitandani, mpwa wake akaipeleka karatasi mjini, wakili akagonga mhuri bila kumwona mwapaji, bila kumsomea mtu asiyejua kusoma. Upande wa pili uliligundua hilo, hakimu akaitupa hati, na ombi likabaki bila ushahidi. Katiba inakataza haki kuzuiwa na ufundi wa taratibu, lakini mtu ambaye hakuapa hana kiapo. Huo si ufundi. Hakimu tuliyemshtaki alikuwa ameamua sawa. Sheria ya Viapo inamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Mlango wetu ulikuwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, na sasa tumeubisha.

Wengine wamekuwa wakiuliza kama hakimu anaweza kugonga kila karatasi. Hawezi. Anaweza kuapisha mtu na kupokea tamko la kisheria, basi. Kijana wa Manyatta aliyekuwa akienda kazini ng'ambo alikasirika hakimu alipokataa kuthibitisha nakala za vyeti vyake kwa ajili ya nchi za nje, akataka tumshtaki. Kazi ile ni ya mthibitishaji wa nyaraka, wakili anayeteuliwa na Jaji Mkuu baada ya kufanya uwakili kwa miaka isiyopungua 5. Na ndugu zangu wa Muhoroni, mhuri wa mahakama kwenye mkataba wa kuuziana shamba hauchukui nafasi ya idhini ya bodi ya ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi 6. Mhuri wa kiapo unasema mtu fulani aliapa mbele yangu. Hausemi kwamba alilosema ni kweli.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kamati imeamua kuanzia sasa barua yoyote ya malalamishi isomwe na wanachama wawili pamoja na faili zima la kesi kabla ya sahihi yangu, na muda wa rufaa uandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya jalada siku ile ile mtu anapoingia.

Tumemsaidia Dani kuomba aruhusiwe kukata rufaa nje ya muda, na katika kiapo chake kipya, alichosomewa kwa Kijaluo na kuapa mwenyewe, imeelezwa kwamba ucheleweshaji ulitoka kwetu. Ombi litatajwa mwezi ujao. Miguu yake bado haina nguvu, kwa hiyo naomba wanachama wawili wa Nyalenda wamchukue nyumbani saa moja asubuhi.